Jiwe Lisilojua Maji: somo la kuchora majabali linapofika Gando

Anayeanza kuchora kwa kompyuta au simu hufundishwa jiwe mapema. Kwanza duara, halafu kisanduku, halafu jiwe. Mti na uso wa mtu vinakuja baadaye. Sababu yake inaeleweka. Ukikosea pua ya mtu, hata mtoto wa chekechea atakucheka. Ukikosea jiwe, utaambiwa mawe yapo ya kila namna, endelea tu.

Ni kweli, mawe yapo ya kila namna. Lakini kila namna ina sababu yake, na masomo mengi ya video yanafundisha jiwe la namna moja. Mimi nasoma mambo ya ardhi na pwani, kuchora ni mapenzi ya usiku, na leo nataka kulipima somo hilo kwa jabali la matumbawe la mbele ya Gando, Pemba. Hukumu yangu naitoa mapema ili tusizungushane: somo linatufundisha ngozi ya jiwe bila maisha yake, na ndiyo maana picha nyingi zinazoitwa za pwani yetu zimejaa mawe ya kwa watu.

Jiwe la dakika kumi

Somo lenyewe wengi mnalijua. Uwe unatumia Photoshop, Krita, Procreate au ibisPaint kwenye simu, hatua ni zilezile. Unachora umbo la nje lenye pembepembe. Unaligawa nyuso tatu: wa juu, wa mbele, wa ubavuni. Unaamua mwanga unatoka juu kushoto. Uso wa juu unaupa rangi ya mwangaza, wa mbele rangi ya kati, wa ubavuni rangi ya kiza. Unafungua leya mpya, unachukua brashi ya madoadoa na kupaka ukwaru. Unamalizia kwa nyufa mbili tatu, ukingo uliobanduka, na kijani cha unyevunyevu chini. Dakika kumi, jiwe limeiva.

Tulipe haki yake kwanza. Somo hili linatanguliza mwanga kabla ya madoa, na hilo ni jambo kubwa. Wanaoanza hukimbilia madoa, wakaishia na kitu kama mkate wa ufuta. Kugawa nyuso kunamlazimisha mtu afikirie jiwe kama kitu kizima chenye uzito, kinachokaa juu ya ardhi. Aliyefuata hatua hizo mara hamsini atakuwa na mkono mzuri kuliko aliyenunua brashi hamsini.

Tatizo ni kwamba nyuma ya hatua hizo kuna jiwe maalumu ambalo halitajwi. Ni jiwe gumu la milima ya baridi. Maji yameingia kwenye ufa, yakaganda, yakatanuka, yakalipasua. Likaanguka, likagonga wenziwe, kingo zikabanduka. Likatulia chini penye unyevu, kijani kikaota. Zile "nyufa mbili tatu" za hatua ya mwisho ni kazi ya barafu. Mwalimu hasemi hivyo, pengine kwa sababu kwao jiwe ndivyo lilivyo. Mwanafunzi wa Wete naye anachora kazi ya barafu ilhali barafu anaijua ya kwenye friji.

Jabali lilivyo

Twende Gando. Ipo kaskazini-magharibi ya Pemba, Wilaya ya Wete. Sehemu kubwa ya Pemba ni vilima vya udongo, mikarafuu juu na mikoko kwenye vihori, kwa hiyo usitegemee kuliona jabali kila hatua. Jiwe linajitokeza zaidi pembezoni na kwenye visiwa vidogo kama Fundo na Njao, vinavyoikinga pwani hiyo na Mkondo wa Pemba. Visiwa hivyo ni mwamba wa kale: matumbawe, makombe na mchanga wa chokaa vilivyoshikamana vikawa kitu kimoja. Miamba ya aina hii iliyo karibu na bahari katika pwani ya Afrika Mashariki, sehemu yake kubwa wanajiolojia wanaihusisha na kipindi cha joto cha takriban miaka 125,000 iliyopita, bahari ilipokuwa juu kuliko sasa kwa mita kadhaa. Yaani unapolitazama jabali hilo, unatazama mwamba wa chini ya bahari uliobaki nje baada ya maji kushuka.

Maji yakipwa, litazame kutoka chini kwenda juu. Chini limeliwa. Kuna uvungu mrefu unaolizunguka, jabali limebaki na kichwa kikubwa juu ya shingo nyembamba, mfano wa uyoga. Uvungu huo nitauita kwapa. Usawa wa kwapa na juu yake kidogo kuna chaza walioganda, konokono na kaa. Juu zaidi jiwe linakuwa jeusi kama lililopakwa masizi. Kileleni kabisa ni miba: vijisu vya kijivu vyenye mashimo katikati, vinavyochana kandambili ukipita bila hadhari. Ukiinama karibu utaona kuta za tumbawe la kale bado zimejipanga kama mashavu ya samaki.

Kwa nini chini kuwe laini na juu kuwe miba, na jiwe ni lilelile? Juu anafanya kazi mvua. Maji ya mvua yana asidi kidogo kwa sababu ya kaboni dioksidi ya hewani, na chokaa huyeyuka humo. Palipoanza kuwa shimo maji yanatuama, shimo linazidi. Palipoinuka panabaki, panachongoka. Weusi ule si kivuli wala uchafu. Ni sianobakteria, bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, wengine wanaishi ndani ya jiwe lenyewe milimita chache chini ya uso.

Chini ni habari nyingine. Maji ya bahari ya joto yamejaa chokaa tayari, hayana haraka ya kuyeyusha nyingine. Anayekula jiwe pale ni mnyama. Yumo mmoja bapa mwenye magamba manane mgongoni, anayeganda kwenye jabali kama kifungo cha shati. Meno yake yamefunikwa magnetiti, madini ya chuma yanayovutwa na sumaku. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs, chokaa ya jabali ina 3 na magnetiti inakaribia 6. Anakwangua mwani, na kila anapokwangua anaondoka na chembe ya jiwe. Wapo na sponji na kome wanaotoboa kwa ndani. Watafiti waliopima kazi hii Aldabra, huko Ushelisheli, jabali la aina moja na letu, walipata kama milimita 1 kwa mwaka, na zaidi palipo na mchanga unaosugua.

Milimita 1 kwa mwaka ni mita 1 kwa miaka 1000. Kwa hiyo kwapa lenye kina cha mita 2, kwa hesabu ya kukadiria, ni kazi ya miaka kama 2000 ya bahari kupanda na kushuka karibu na usawa uleule. Kivuli unachokichora pale chini kina umri.

Makosa matatu ya somo

Sasa liweke somo mbele ya jabali hili.

La kwanza ni mwanga. Somo linasema juu mwangaza, chini kiza, jua liko juu kushoto. Gando ipo karibu nyuzi 5 kusini ya ikweta. Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri linakaa takriban utosini. Kichwa cha jabali kinapata mwanga mkali, lakini kimejaa mashimo na weusi, hivyo hakirudishi mweupe mnaoutegemea. Chini yake, kwenye kwapa, mwanga unatoka chini: unagonga mchanga mweupe na maji haba, unaruka juu, unatua kwenye dari la kwapa. Maji yakitikisika, dari linacheza kwa michirizi ya nuru ya kijani. Kufuata somo, hapo ungemwaga rangi nyeusi. Ungezima sehemu inayong'aa kuliko zote.

La pili ni madoa. Brashi ya ukwaru inapakwa jiwe zima kwa kiwango kimoja. Jabali la pwani lina matabaka, na kila tabaka lina ukwaru wake: laini lenye vidimbwi vidogo kwenye kwapa, gumegume palipo na chaza, jeusi la vumbi juu yake, miba kileleni. Mipaka ya matabaka haya imelala sawasawa na usawa wa maji, hata jabali lenyewe liwe limeinama. Hiyo ndiyo siri ya kuonekana kweli. Chora umbo la kawaida sana, lakini mistari hiyo minne ikae sawa na upeo wa bahari, na mtu wa pwani ataamini. Chora umbo zuri kupindukia, ukwaru uwe mmoja kila pahala, na hatoamini, ingawa huenda asijue kueleza kwa nini.

La tatu ni nyufa. Kwetu jiwe halipasuki kwa barafu. Linavunjika pale kwapa linapozidi kina, kichwa kikashindwa kujibeba, kipande kizima kikaanguka mbele. Kwa hiyo ufa wetu unashuka wima nyuma ya ukingo, na chini yake kuna bonge lililolala na miba yake ikitazama ubavuni. Bonge hilo likikaa majini muda mrefu nalo linaanza kufanya kwapa lake. Msanii anayelijua hilo anaweza kuonyesha miaka mia kadhaa kwa mabonge mawili tu, moja lenye kwapa jipya na moja lisilonalo.

Zana nazo zina kwao

Utaniambia siku hizi hakuna haja ya kuchora ukwaru kwa mkono, kompyuta inafanya. Sawa, lakini tuulize inafanya nini.

Njia ya kwanza ni hesabu. Ken Perlin alifanya kazi kwenye filamu ya Tron ya mwaka 1982, akachoshwa na picha za kompyuta zilivyokuwa safi mno kama plastiki. Akatunga kanuni ya kutengeneza vurugu yenye mpangilio, akaichapisha mwaka 1985, na mwaka 1997 akapewa tuzo ya ufundi ya Academy. Ukifungua Blender leo ukataka jiwe la haraka, unatumia kanuni hiyo au jamaa zake. Ni kazi kubwa, siidharau. Ila vurugu ya Perlin, ukiichukua hivihivi, haina juu wala chini. Ukiipindua picha, inabaki vilevile. Jabali la Gando ukilipindua unapata kichekesho. Ukitaka vurugu hiyo iheshimu maji, wewe mwenyewe lazima uiambie maji yanafika wapi.

Njia ya pili ni kunakili jiwe la kweli: unalipiga picha nyingi kulizunguka, programu inaunganisha na kutoa umbo lake. Maktaba maarufu ya vitu hivyo, Megascans, ilijengwa na Quixel, kampuni ya Sweden iliyonunuliwa na Epic Games mwaka 2019. Mwaka huohuo Quixel walitoa filamu fupi, Rebirth, kwa mawe waliyoyanakili Iceland, na ni kazi ya kushangaza macho. Kila chembe ni ya kweli. Lakini Iceland ni nchi ya volkano, mawe yake ni lava iliyopoa. Mwanafunzi anayetengeneza ufukwe wa Zanzibar, akavuta jabali kutoka maktaba kwa sababu lipo tayari na linapendeza, ameweka lava kando ya minazi. Ukweli wa kila pikseli haukuzuia picha nzima kuwa uongo.

Kosa hili haliwahusu wanafunzi peke yao. The Lion King ya mwaka 2019, iliyoongozwa na Jon Favreau, karibu yote imetengenezwa kwa kompyuta. Wenyewe walisema ni picha moja tu ya mwanzo iliyopigwa kwa kamera kweli. Tazama Pride Rock. Ngozi ya jiwe ni ya kiwango cha juu kabisa: mchubuko, vumbi, jua la asubuhi, vyote vipo. Mifupa yake lakini bado ni ya katuni ya mwaka 1994, bamba refu lililochomoza hewani ili mfalme asimame. Majabali ya Serengeti ni ya itale na mawe ya ukoo wake, na itale huchakaa kwa kumenyeka kama kitunguu, ndiyo maana yanakuwa na migongo ya mviringo na mabonge yaliyopandana, kama yale ya Mwanza ndani ya Ziwa Viktoria. Katuni ya 1994 haikudai kuwa kweli, kwa hiyo bamba lake halikunisumbua. Filamu ya 2019 inadai kweli kwenye kila unywele wa simba, halafu jiwe linalobeba hadithi nzima linabaki mapambo ya jukwaa.

Mjadala huu ni mkongwe kuliko kompyuta. Mwaka 1853 Mwingereza John Ruskin, mhakiki wa sanaa aliyependa jiolojia, alikaa Glenfinlas huko Scotland akichora mwamba mmoja wa kando ya mto, huku rafiki yake John Everett Millais akimchora yeye juu ya mawe hayohayo. Miaka mitatu baadaye Ruskin akatoa juzuu ya Modern Painters inayohusu milima, akiwapima wachoraji kwa namna walivyoelewa mwamba. Alikuwa mkali kupita kiasi, lakini hapo alikuwa na haki. Mchoraji anayejua mwamba umepangwaje hahitaji kuhesabu kila punje, kwa sababu anajua ipi ina maana na ipi aiache.

Kwani kuna hasara gani?

Wapo watakaosema: msanii si mwanajiolojia, mwache achore. Nakubali, kama picha ni ya nchi ya njozi. Chora jiwe la zambarau linaloelea, sitasema neno. Lakini ukiandika chini "pwani ya Pemba", umetoa dai, na dai hupimwa.

Na picha hizi sasa ndizo tunazofundishia. Nimeona bango la elimu ya bahari, wenyewe siwataji, lenye ufukwe wa mawe ya mviringo yaliyolainika kama ya mtoni, kaa mmoja juu yake kama pambo. Mtoto wa skuli ya Gando akilitazama atajifunza kwamba jiwe la kwenye bango ni jiwe la sayansi, na lile analokanyaga akienda pwani ni jiwe tu. Hatouliza kwa nini jabali limeliwa kwenye mstari mmoja. Na swali hilo ndilo linalofungua mlango wa kuelewa usawa wa bahari, ambao kwa watu wa visiwani si jambo la mtihani peke yake. Mama anayekwenda kuchokoa chaza maji yakipwa anaijua mistari ile bila kuandikiwa. Bango lililochorwa vizuri lingemwonyesha mtoto kwamba mama yake ana elimu.

Kuna na magofu. Ras Mkumbuu, upande huohuo wa magharibi ya Pemba, kuna msikiti na makaburi ya mawe ya miji yetu ya kale. Wajenzi wa pwani walikuwa na mawe mawili: jiwe kavu la uwandani, gumu na kwaru, kwa kuta, na tumbawe laini lililokatwa baharini likiwa bado na maji, la kuchongea mihrabu na miimo ya milango. Mradi wa Zamani Project wa Chuo Kikuu cha Cape Town umepima kwa leza magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, na vipimo vile vinahifadhi umbo. Lakini anayechora upya jengo likiwa zima, akavika kuta zote ukwaru wa aina moja, amefuta uamuzi wa fundi aliyejua jiwe lipi la kubeba na lipi la kupamba.

Ungelichoraje basi?

Kwa ufupi, badilisha mpangilio. Kabla ya umbo, chora mstari wa maji kujaa na mstari wa maji kupwa. Wakati wa bamvua tofauti yake kwetu inafika mita 3 hadi 4, yaani mtu mzima amesimama na mwenzake mabegani. Kati ya mistari hiyo kata kwapa. Weka matabaka manne, kila moja leya yake na brashi yake. Halafu ndipo uweke mwanga, na usisahau ule unaotoka chini. Sehemu iliyolowa iwe ya kiza na rangi iliyokolea, kwa sababu maji yakijaa vitundu vya jiwe, mwanga unazama ndani badala ya kurudi kwenye jicho; ya kumeta iwe ile tu yenye utando wa maji juu yake. Mwisho kabisa ongeza tumbawe la kale, mahali pawili patatu, pale ambapo jiwe limekatika karibuni.

Itakuchukua zaidi ya dakika kumi. Pia itakubidi uliangalie jabali lenyewe, maji yakiwa yamepwa na tena yakiwa yamejaa, na hilo hakuna maktaba itakayokufanyia. Zaidi ya hapo, huhitaji kompyuta kubwa. Simu ya kawaida yenye programu ya bure inatosha kabisa, na kwa kazi hii mtoto wa Gando yupo karibu na jiwe kuliko studio yoyote ya Los Angeles.